Makinda wa ndege wahamaji huijuaje njia ya kuja Afrika?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Voi: "Wanafunzi wangu wamenibana. Nimewafundisha kwamba mbayuwayu na korongo weupe huzaliwa Ulaya, kisha huja kwetu kukwepa baridi. Mmoja akauliza: yule aliyezaliwa mwezi wa sita, ambaye hajawahi kuvuka hata mto, anaijuaje njia? Mama yake humwongoza, au huzaliwa nayo kichwani? Na akipotea inakuwaje? Nilikosa la kuwaambia."

Mwalimu, mwanafunzi huyo apigiwe makofi. Swali lake limewatoa jasho wataalamu wa ndege kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya majibu imepatikana juzi juzi tu. Nitakupa langu mapema ili usisome mpaka mwisho ukilitafuta. Kinda wa ndege mhamaji huzaliwa na vitu viwili: upande wa kuelekea, na muda wa kuruka. Ramani hazaliwi nayo. Ramani huipata kwa kuisafiri njia mwenyewe, au huiazima kwa wakubwa kwa kuwafuata. Ni kiasi gani amezaliwa nacho na kiasi gani hujifunza, hilo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Kwa hiyo anayekuambia kwamba wote hufundishwa na mama zao, na anayekuambia kwamba wote huzaliwa wakijua, kila mmoja amekupa nusu.

Tuanze na hoja ya mama. Ndege anayeivunja kabisa ni kekeo wa Ulaya. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine mdogo, kwa mfano kucha wa matete, akaenda zake. Kinda akianguliwa huyasukuma nje mayai ya wenyeji, kisha hulishwa na walezi ambao si wa damu yake. Wazazi wake halisi huondoka mapema, wengi kuanzia mwezi wa sita, baadhi ya watoto wao wakiwa bado kiotani. Walezi nao wana safari zao: kucha wa matete wa Uingereza huelekea Afrika Magharibi. Kinda wa kekeo hubaki akila viwavi na kunenepa, halafu usiku mmoja wa mwezi wa nane au wa tisa huruka peke yake kuja kusini, kuelekea misitu ya bonde la Kongo ambako kekeo wenzake hukaa wakati wa baridi ya Ulaya. Hakufunzwa na mamaye, na ulimwengu nao haujapata nafasi ya kumfunza.

Usidhani safari hizo ni fupi. Mwaka 2019 watafiti walimfunga kekeo dume kifaa cha setilaiti huko Mongolia, wakamwita Onon kwa jina la mto. Alifika Zambia, na mwaka uliofuata akarudi kwao Mongolia.

Mfano wa pili mnaweza kwenda kuuona. Ghuba ya Mida, karibu na Watamu, hupokea kila mwaka vitwitwi waliozaliwa kwenye nyanda za baridi za Siberia. Chukua yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwa chini. Madume wake huondoka kwanza, mnamo mwezi wa saba. Majike hufuata. Makinda huachwa Aktiki wakila na kuota manyoya, na wanapoanza safari mwezi wa nane wazazi wako mbele yao kwa maelfu ya kilomita. Ndiyo maana pwani yetu hupokea wakubwa kwanza, na wadogo huingia wiki kadhaa baadaye. Tena wengi wa hao wadogo hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza. Utawakuta wamebaki pwani mwezi wa sita na wa saba, wakati wakubwa wako Siberia wakitaga. Watu humwona kitwitwi wa mwezi wa saba wakadhani ni mgonjwa au ameachwa na wenzake. Kumbe ni kijana ambaye hana haraka.

Miongoni mwa jamaa zao, ndege wengine wa pwani, kuna kinda mmoja aliyenifanya nikae chini. Anajulikana kwa namba yake, B6. Mwezi wa kumi mwaka 2022, akiwa na umri wa miezi kama mitano, aliondoka Alaska akatua Tasmania, kusini mwa Australia. Alikwenda kilomita takribani 13,560 kwa siku 11, juu ya Bahari ya Pasifiki, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Kwa ndege ambaye hajawahi kusafiri popote kabla ya hapo, hesabu hiyo inatisha.

Basi ndani ya kinda kuna nini? Wajerumani ndio waliolichimba jambo hili kwa subira kuliko wote. Wafugaji wa ndege wa Ulaya walijua tangu zamani kwamba ndege mhamaji aliye tunduni, msimu wa safari ukifika, hakai usiku. Hurukaruka, hupigapiga mabawa, hutua, huanza tena. Watafiti wakaanza kuipima hiyo fujo. Wakagundua kwamba jamii zinazosafiri mbali hukesha usiku mwingi kuliko zile za safari fupi, hata ndege akiwa amelelewa kwa mkono na hajaona anga tangu kuzaliwa. Eberhard Gwinner aliwaweka ndege katika vyumba ambavyo mwanga na joto havikubadilika mwaka mzima. Msimu ulipowadia, walianza kukesha vilevile. Kalenda imo mwilini.

Mwaka 1978 Gwinner na mwenzake Wolfgang Wiltschko walitoa matokeo mengine ya kushangaza. Walikuwa na kucha wa bustani waliolelewa na binadamu Ujerumani. Kwenye matundu yao, mwezi wa nane na wa tisa, ndege hao walijielekeza kusini-magharibi. Baadaye, kuanzia kama mwezi wa kumi, waligeuka kusini-mashariki. Hawakuwa wamekwenda popote. Lakini wenzao walio huru hushuka kusini-magharibi hadi Hispania, kisha hukata kona kuingia Afrika katika majira hayo hayo. Kwa hiyo agizo alilozaliwa nalo kinda linaweza kuwa na kona ndani yake: nenda huku kwa majuma kadhaa, halafu pinda.

Kwamba agizo hilo ni la urithi, limethibitishwa kwa njia ambayo mfugaji yeyote wa kuku angeifikiria. Katika Ulaya kuna kucha mwenye kofia nyeusi kichwani. Wale wa magharibi, wa Ujerumani, huhama kwa kuelekea kusini-magharibi, na wale wa mashariki zaidi, wa Austria, huelekea kusini-mashariki. Andreas Helbig, aliyefanya kazi na Peter Berthold, aliwazalisha dume wa huku na jike wa kule. Watoto wao walijielekeza katikati, karibu kusini moja kwa moja. Hapana mzazi aliyewafundisha njia hiyo, maana hapana mzazi aliyekuwa nayo. Njia ya katikati ingewapeleka kwenye milima ya Alps na kisha baharini, na hiyo yenyewe inakuonyesha kwamba urithi haujui kuna nini huko mbele.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la kupotea, na jaribio ambalo kwangu ndilo linalotoa jibu zuri kuliko yote. Katika miaka ya 1950 Mholanzi A. C. Perdeck aliwanasa kwezi wa Ulaya karibu na mji wa The Hague, wakiwa safarini. Kwezi hao hutoka nchi za Baltiki na kwenda kukaa kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Akawavisha pete, zaidi ya 11,000, akawapakia kwenye eropleni hadi Uswisi, mamia ya kilomita kusini-mashariki ya njia yao, akawaachia. Kisha akasubiri pete zirudi.

Zilizorudi zilisema hivi. Kwezi wakubwa, waliowahi kusafiri, waligeuza uelekeo wakaenda kaskazini-magharibi hadi kule kule walikozoea, ingawa hawakuwahi kufundishwa namna ya kutoka Uswisi. Makinda waliendelea kusini-magharibi kama kwamba hakuna kilichotokea, na wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Walikuwa sahihi kwa upande na sahihi kwa umbali, ila walianzia mahali pasipo pao. Mwambie mtu atoke Voi, atembee kusini-mashariki siku tano: ataingia Mombasa. Agizo hilo hilo ukimpa mtu aliyeko Namanga, atapanda Kilimanjaro na kuibukia Upareni, na hatajua kwamba amekosea. Kuna jambo moja zaidi, na wengi wanaosimulia jaribio hili huliacha. Miaka iliyofuata, wale vijana walionekana wakirudi Hispania. Walipofika mara moja, mahali pale pakawa pao.

Ili usidhani ni tabia ya kwezi peke yao: mwaka 2007 watafiti wa Marekani na wenzao wa Ulaya walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo. Waliwachukua shomoro wenye utosi mweupe kutoka jimbo la Washington, upande wa Pasifiki, wakawapeleka New Jersey, upande wa Atlantiki, kilomita 3,700 hivi. Safari hii waliwafuata kwa redio wakiwa kwenye eropleni ndogo. Wakubwa walijua wamehamishwa, wakakata kuelekea magharibi. Wadogo walienda kusini tu.

Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako hivi: kinda akisukumwa na upepo nje ya njia, mara nyingi hajui. Mkubwa anajua.

Sasa, upande wa kuelekea hauna maana kama huna dira. Ndege wana dira tatu tunazozifahamu vizuri. Ya jua nitaipita haraka. Gustav Kramer, Mjerumani, alionyesha mnamo 1950 kwamba kwezi huelekea upande kwa kulitazama jua, na kwamba saa iliyomo mwilini humsaidia kusahihisha jinsi jua linavyosogea mchana kutwa. Inafaa mbayuwayu na korongo, wanaosafiri mchana. Ndege wadogo wengi husafiri usiku.

Dira ya nyota ndiyo yenye somo la kujifunza ndani yake. Stephen Emlen, wa Marekani, alifanya kazi na ndege mdogo wa buluu katika planetariamu, lile jumba lenye kuba ambalo nyota huonyeshwa darini. Alimweka kila ndege ndani ya faneli ya karatasi yenye kitako cha wino. Ndege alipojaribu kuruka, miguu yake ilichora alama upande alioutaka. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote katika historia ya sayansi hii, na bado kinatumika. Emlen aliwalea makinda bila kuona nyota. Kundi moja alilionyesha anga la kawaida, linalozunguka kwenye Nyota ya Kaskazini, ile ambayo manahodha wa zamani waliiita Jaa. Kundi lingine alilionyesha anga la uongo, ambalo kitovu chake ni Betelgeuse, nyota nyekundu ya kundi la Orioni. Vuli ilipofika, wale wa kwanza walikimbia upande ulio kinyume na Nyota ya Kaskazini. Wale wa pili walikimbia upande ulio kinyume na Betelgeuse.

Yaani kinda hazaliwi akiijua nyota yoyote. Anachozaliwa nacho ni hamu ya kutazama ni wapi anga halizunguki. Hutazama usiku baada ya usiku kabla ya kuondoka, hukariri makundi ya nyota yaliyo karibu na kitovu hicho, kisha hukipa mgongo. Asipopata nyakati hizo za kutazama akiwa mdogo, dira ya nyota haijengeki. Kwangu hiyo ni shule, hata kama haina mwalimu.

Dira ya tatu ni ya sumaku, na hii ni ya ajabu kuliko zote. Wolfgang na Roswitha Wiltschko wa Frankfurt walionyesha mwaka 1972 kwamba robini, ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu, huisikia sumaku ya dunia, lakini si kwa namna ya dira yetu ya dukani. Hajui kaskazini wala kusini. Anachokijua ni mwinamo. Mistari ya nguvu ya sumaku huzama ardhini wima karibu na ncha za dunia na hulala chali karibu na ikweta. Ndege husoma mistari imeinamia wapi, na kutokana na hapo hujua upande wa kwenda nchani na upande wa kwenda ikweta, basi.

Hapo mwanafunzi mwerevu atakuuliza: je, akifika ikweta ambako mistari imelala? Ikweta ya sumaku haifuati ile ya kwenye atlasi. Huku kwetu hupita kaskazini, Ethiopia, kwa hivyo ndege aliyetua Voi ameshaivuka. Wiltschko na mkewe waliwajaribu kucha wa bustani juu ya hilo: waliwaweka kwanza katika sumaku iliyolala, kama ya ikweta, kisha wakawarudishia sumaku iliyoinama. Ndege waligeuza maana ya dira yao. Kabla ya hapo walikuwa wakielekea ikweta, baada ya hapo walielekea nchani. Kwa msafiri anayetoka Ulaya kwenda Zambia maana yake ni kwamba anaendelea kusini vilevile, ila kwa amri iliyopinduliwa. Mlango wa kuipindua ni huko huko ikweta.

Kiungo chenyewe kinaelekea kuwa jicho. Robini huhitaji mwanga ili kuitumia dira hii, na katika mwanga mwekundu mtupu huchanganyikiwa. Mwaka 2021 vyuo vikuu vya Oldenburg na Oxford vilionyesha kwamba protini moja iliyomo kwenye retina ya robini, kriptokromu ya nne, huitikia sumaku ikiwa ndani ya chupa ya maabara. Bado haijathibitishwa ndani ya ndege aliye hai, kwa hivyo usiwaandikie wanafunzi ubaoni kwamba mambo yamekwisha. Ila Oldenburg hiyo hiyo ilikuwa imetoa ushahidi mwingine mwaka 2014. Robini waliokuwa kwenye vibanda vya mbao chuoni walishindwa kabisa kujielekeza, mpaka watafiti walipovizungushia vibanda hivyo mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi. Kilichokuwa kikiwavuruga ni kelele za umeme za mjini, kwenye masafa yale yanayotumiwa na redio za AM.

Ramani sasa. Kwenye Bahari ya Baltiki kuna ulimi mwembamba wa mchanga wenye kijiji kilichoitwa Rossitten wakati wa Wajerumani, leo Rybachy, Urusi. Johannes Thienemann alifungua kituo cha ndege hapo mwaka 1901, na kazi inaendelea hadi leo. Warusi wa Rybachy wamewahamisha kucha wa matete wakubwa kilomita 1,000 mashariki, karibu na Moscow, na ndege hao wakasahihisha uelekeo. Kisha wakafanya la ujanja zaidi: hawakuwahamisha, walibadilisha tu sumaku ndani ya koili zilizozunguka tundu, ifanane na ya mahali pengine. Wakubwa wakajielekeza kama waliohamishiwa huko. Makinda waliofanyiwa badiliko la namna hiyo walichanganyikiwa tu. Hivyo sumaku ni dira kwa mdogo, na kwa mkubwa imekuwa pia sehemu ya ramani. Kilichowatenganisha ni safari aliyoimaliza mmoja wao.

Nimezungumza kirefu juu ya wanaosafiri peke yao, na wewe uliuliza pia juu ya korongo weupe. Hao ni habari nyingine. Korongo ni mzito, hawezi kupiga mabawa siku nzima. Hupanda kwenye hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, huzunguka humo mpaka juu, kisha huteleza. Juu ya bahari hewa hiyo haiinuki vya kutosha, kwa hiyo huizunguka Mediterania. Wa magharibi hupita Gibraltar. Wa mashariki hupita mlango wa Bosporasi, Israeli, Sinai, Sudani, na hao ndio mnaowaona Kenya na Serengeti.

Ernst Schüz, aliyeongoza Rossitten baada ya Thienemann, aliwachukua makinda wa korongo wa mashariki miaka ya 1930 akawapeleka magharibi mwa Ujerumani. Waliozuiliwa mpaka korongo wenyeji walipoondoka, walielekea kusini na kusini-mashariki kama babu zao. Walioachiwa wenyeji wakiwepo waliwafuata wenyeji. Kwa hiyo korongo anazaliwa na upande wake, lakini akiona wakubwa wanakwenda kwingine, huuweka kando urithi na kuwafuata. Nadhani ana haki. Mkubwa unayemwona mbele yako ni mkubwa aliyefika na kurudi salama.

Na asipokuwepo mkubwa? Tumbusi wa Misri wa nchi za Balkani wamepungua sana, na makinda wengi huondoka bila mtu wa kumfuata. Vifaa vya setilaiti vimeonyesha wakielekea kusini moja kwa moja kutoka Ugiriki na kufa maji Mediterania, wakati waliopata wakubwa walizunguka kupitia Uturuki wakafika. Upande walikuwa nao. Hawakujua kwamba upande huo una bahari katikati.

Wamarekani walilijua jambo hilo walipotaka kuwarudisha ndege wakubwa weupe, jamaa za korongo-taji wetu, waliokuwa karibu kwisha. Hakukuwa na wakubwa wa kuonyesha njia mashariki mwa nchi. Kuanzia 2001, kwa karibu miaka 15, marubani waliovaa mavazi meupe ya kuficha umbo la binadamu waliwaongoza makinda kwa ndege ndogo nyepesi kutoka Wisconsin hadi Florida. Waliwaongoza kwenda tu. Kurudi, ndege walirudi wenyewe. Utafiti uliotoka 2013 ulipima safari zao za baadaye: kundi lenye ndege wa miaka saba ndani yake lilipotoka kwenye mstari ulionyooka kwa asilimia 38 pungufu kuliko kundi la wa mwaka mmoja tu. Safari moja huwapa njia, ila uzoefu wa mzee mmoja bado unalinufaisha kundi zima.

Nirudi Voi, maana mna hazina jirani. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, kwenye usiku wa ukungu usio na mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta chini ndege wahamaji wanaopita gizani. Tangu 1969 wataalamu na vijana wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, kukagua manyoya ili kujua umri, kuwavisha pete na kuwaachia. Wamefika laki kadhaa sasa. Miongoni mwao yumo kucha mmoja wa rangi ya udongo, wa vichaka vya mabondeni Ulaya, ambaye ukimwona hutamtazama mara mbili.

Dume wa kucha huyo huimba kwa kuiga ndege wengine. Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewasikiliza Ubelgiji, alichapisha mwaka 1979 kwamba dume mmoja huiga kwa wastani jamii 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni za Afrika, nyingi za Afrika Mashariki. Huzijifunza katika mwaka wake wa kwanza, wakati wa safari hii hii tunayoizungumza. Baada ya hapo wimbo haubadiliki. Kwa hiyo dume akisimama kwenye kichaka Ubelgiji mwezi wa tano, mtu anayezijua sauti za ndege wa Kenya anaweza kuisikiliza njia aliyopita akiwa kinda. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo kwamba makinda hawaji kwetu kupumzika tu.

Kuhusu aliyepotea, niongeze neno. Wengi hufa, usiwafiche wanafunzi. Katika jamii nyingi za ndege wadogo, zaidi ya nusu hawamalizi mwaka wa kwanza. Ila si wote. Kuanzia miaka ya 1960 baadhi ya wale kucha wenye kofia nyeusi wa Ulaya ya kati walianza kuonekana Uingereza wakati wa baridi, wakati walipaswa kuwa kusini. Upande wao ulikuwa umekosewa. Lakini walikuta chakula kwenye bustani za watu, wakaishi, wakazaa, na Berthold alionyesha mwaka 1992 kwamba watoto wao huzaliwa wakielekea huko magharibi. Leo ni njia kamili.

Na mbayuwayu, ambaye ndiye aliyeanzisha mjadala darasani? Yuko katikati. Mara nyingi wazazi huwa wanalea uzao wa pili wakati makinda wa uzao wa kwanza wamekwisha kujikusanya kwenye matete na vijana wenzao, tayari kuondoka. Mama hamwongozi. Huzaliwa na upande, na njiani huwa kwenye makundi. Mkitaka kuwatambua waliozaliwa mwaka huu, watazameni mwezi wa kumi na wa kumi na moja wakiwa wametua kwenye nyaya: mkubwa ana nyuzi mbili ndefu mkiani na koo jekundu lililokolea, mdogo mkia wake ni mfupi na koo limepauka. Msichelewe, kwa sababu hubadilisha manyoya wakiwa huku, na kufikia mwezi wa tatu mwanafunzi wako hataweza tena kujua ni yupi aliyekuja kwa mara ya kwanza.